Randa Inayoruka: Kisa cha Wanafunzi Watano na Programu ya Kuhariri Ambayo Hakuna Aliyeijua

Kisa hiki kinahusu wanafunzi watano waliopewa wiki nane kutengeneza filamu fupi kwa programu ya kuhariri video ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuifungua. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu msimamizi. Nimeondoa majina, chuo, na kila kinachoweza kumtambulisha mhusika, na wanafunzi nitawaita A, B, C, D na E.

Ninakiandika kwa ajili ya walimu wanaotoa kazi za vikundi zenye programu ngeni ndani yake, na kwa wanafunzi wanaozifanya. Kosa zito kuliko yote katika kisa hiki halikufanywa na mwanafunzi. Nililifanya mimi siku ya kwanza, na wakati huo lilionekana kuwa uamuzi wa busara.

Mazingira

Kazi ilikuwa filamu ya dakika 12 kuhusu fundi seremala anayetengeneza kiti, kuanzia ubao mbichi hadi mtu anapokikalia. Ukiisikia hivyo unaiona rahisi. Kumbe inabeba karibu kila jambo la uhariri: mahojiano marefu ya kupunguza, picha za mikono ikifanya kazi, sauti za zana, muziki, maandishi, na mwanga unaobadilika kutoka asubuhi hadi jioni.

Programu niliyoichagua ni DaVinci Resolve. Sababu zilikuwa mbili. Toleo lake la bure linatosha kabisa kwa kazi ya darasani, na linafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, kwa hiyo hakuna mwanafunzi ambaye angezuiwa na aina ya kompyuta aliyonayo. Anayeifungua kwa mara ya kwanza lakini ajue asili yake. Ilianza kama mtambo wa kusahihisha rangi za filamu, na Blackmagic Design ilipoinunua kampuni ya da Vinci Systems mwaka 2009 ndipo ilipoendelea kupanuliwa hadi kuwa programu kamili ya uhariri. Ndiyo maana imegawanywa katika kurasa, kila ukurasa na hatua yake: kuingiza vipande, kukata, kutengeneza athari za picha, rangi, sauti, na mwisho kutoa filamu iliyokamilika kama faili. Mgeni anayejikwaa kwenye ukurasa wa rangi kabla ya wakati anaweza kupotelea humo siku nzima.

Vifaa vilikuwa kamera moja iliyorekodi fremu 25 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda mwendo wa video), simu ya mkononi iliyowekwa fremu 30, na kinasa sauti kilichosimama peke yake. Kwenye maabara kulikuwa na kompyuta moja yenye nguvu ya kutosha, na A alikuwa na kompyuta mpakato yake.

Kuhusu ujuzi, A alikuwa amehariri video fupi nyingi kwenye simu na wenzake walimwona kama bingwa. C alizoea kurekodi vipindi vya sauti. D alikuwa na jicho zuri la picha. B alikuwa mwandishi. E hakuwa amewahi kuhariri chochote, na alilisema hilo waziwazi mbele ya wote.

Yaliyotokea

*Mgawanyo wa kazi*

Kikao cha kwanza hakikumaliza saa moja. D apige picha, C ashike sauti, B aandike maswali na muundo wa hadithi, E aratibu ratiba, A ahariri. Hakuna aliyepinga. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikaona kila mtu amepewa anachokiweza, nikaupitisha mgawanyo huo.

Jioni ile A alianzisha mradi kwenye kompyuta yake na kuingiza vipande vichache vya majaribio. Programu huanzisha mradi mpya ikiwa na fremu 24 kwa sekunde, na ukiingiza kipande cha kwanza chenye kasi tofauti inakuuliza kama unataka mradi ubadilishwe ufanane na kipande hicho. A hakulielewa swali. Akabofya kuacha mambo yalivyo. Ukishaanza kujaza vipande, mpangilio huo wa mradi hujifunga na haurudi nyuma. Bofyo moja tu, na lilikuja kutugharimu siku kadhaa.

*Kupeleka nguo kwa fundi cherehani*

Wiki ya tatu na ya nne walipiga picha. Walifanya kazi nzuri. D alipiga patasi ikichimba tundu la mguu wa kiti kwa ukaribu uliokufanya uone nyuzi za mbao zikikatika. C alinasa sauti ya randa, ya msumeno, hata ya maranda yakidondoka sakafuni.

Kila baada ya upigaji walimpelekea A diski, kisha wakasubiri. Nilikuja kuifananisha hali ile na kupeleka nguo kwa fundi cherehani: unaacha kitambaa na vipimo, unarudi siku ya ahadi. Mara mbili nilimuuliza E kama ameshaifungua programu, na mara zote mbili alinijibu kwamba A ndiye anayeshughulikia.

Mwisho wa wiki ya nne A alileta mkato wa kwanza, yaani toleo la awali la filamu, dakika nne. Tuliutazama pamoja. D ndiye aliyeshtuka wa kwanza. Randa ilipokuwa ikipita juu ya ubao, mwendo wake ulikuwa unakwama kidogo, kisha unaendelea, kisha unakwama tena, kila sekunde. Tulirudisha na kutazama mara nyingi. Ilikuwa kweli. Fremu 25 zilikuwa zinaingizwa kwenye nafasi za fremu 24, kwa hiyo kila sekunde fremu moja ilikuwa inatupwa. Kwenye mtu aliyekaa akizungumza huoni kitu. Kwenye randa inayoteleza kwa mwendo mmoja, jicho linaliona pengo hilo hata kama mtazamaji hawezi kulieleza. Vipande vya simu, vya fremu 30, vilikuwa vinapoteza sita kila sekunde.

Tatizo la pili lilikuwa la sauti. Mahojiano ya dakika 14 yalipigwa kwa simu huku sauti ikinaswa kando. A alioanisha picha na sauti mwanzoni kwa kufuata mlio wa makofi, vikakaa sawa. Kufika dakika ya kumi na kitu, midomo ya seremala ilikuwa inafunguka baada ya neno. Alipogonga nyundo kuonyesha mfano, mlio ulifika kwanza, nyundo ikafuata. Simu nyingi hazirekodi kwa kasi thabiti. Mwanga ukipungua au mashine ikichoka, kasi hubadilika kidogo kidogo, na programu inayohesabu kwamba kila sekunde ina fremu 30 kamili huachana na sauti polepole mpaka tofauti inaonekana.

*A anaondoka*

Mwanzoni mwa wiki ya tano A alipatwa na dharura ya kifamilia akalazimika kusafiri. Alifanya kila alichoweza: aliwaachia wenzake diski yenye vipande vyote na kuwahakikishia kwamba kila kitu kimo humo.

Waliichomeka kwenye kompyuta ya maabara. Folda za picha zilikuwepo, za sauti zilikuwepo, mradi haukuwepo. Walitafuta faili la mradi nusu siku nzima. Hawakujua, na A mwenyewe hakujua, kwamba programu hii haiweki mradi pembeni ya picha zako kama faili la kawaida. Inauweka kwenye hifadhidata yake ndani ya kompyuta uliyofanyia kazi. Ukitaka kuuhamisha ni lazima uutoe kwa makusudi, ama kama faili dogo lisilo na picha wala sauti, ama kama kumbukumbu kamili yenye kila kitu.

A alilitoa faili dogo huko aliko na kulituma. Likakataa kufunguka, kwa kuwa toleo la programu la maabara lilikuwa la zamani kuliko lake, likahitaji kusasishwa. Lilipofunguka, taimulaini nzima, yaani mstari wa muda ambamo vipande hupangwa kwa mfuatano, ilikuwa nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mradi ulikuwa unakumbuka vipande vilikokuwa kwenye kompyuta ya A, na huku haukuvikuta. Waliuelekeza kwenye folda za diski, vikarudi vingi. Muziki na vipande sita havikurudi, kwa sababu A alikuwa amevihifadhi kwenye eneo-kazi la kompyuta yake na kubadilisha baadhi ya majina.

B alikaa kimya muda mrefu mbele ya skrini ile, kisha akasema, "Mwalimu, mtegemea cha nduguye ni sisi."

Maamuzi na sababu zake

*Kuanza upya badala ya kuokoa*

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mgumu. Tungeweza kutengeneza taimulaini mpya ya fremu 25 ndani ya mradi ule ule na kuhamishia mkato wa A. D alitaka hivyo, kwa kuwa dakika nne zile zilikuwa na usiku kadhaa wa jasho la mwenzao ndani yake. Nilishauri waache. Vipande vilivyokatwa kwa hesabu ya fremu 24 vingehitaji kukaguliwa kimoja kimoja, na wanne waliobaki hawakujua hata jinsi ya kusogeza kipande. Wangekuwa wanakarabati nyumba ambayo hawajui ilivyojengwa. Walipiga kura, wakaanza mradi mpya, na safari hii E ndiye aliyeweka fremu 25 huku wengine watatu wakimtazama mkono.

Vipande vya simu walivipitisha kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha video, wakachagua kasi thabiti ya fremu. Ilichukua usiku mmoja wa kompyuta kufanya kazi peke yake. Asubuhi nyundo na mlio vilikutana.

*Zoezi la dakika moja*

Nilisimamisha filamu kwa siku mbili. Zilikuwa zimebaki wiki tatu na siku chache, na wanafunzi waliniona kama mtu asiyejua kuhesabu. Nilitaka kila mmoja achukue vipande vile vile tisa vya seremala akinoa patasi na akate dakika moja yake mwenyewe, itakayotupwa baadaye.

Sababu yangu ilikuwa kwamba mtu anayeogopa kuharibu hajaribu. Niliwahi kumtazama B akiwa ameshika kipanya juu ya kipande cha mahojiano kwa karibu dakika nzima bila kubofya. Kwenye zoezi alibofya kila kitu.

Hapo ndipo lilipotokea jambo dogo ambalo nadhani lilimfundisha kila mtu kuliko maelezo yangu yote. D alitaka kuondoa kipande kimoja katikati. Kwenye kibodi ya Windows, kitufe cha kurudi nyuma (Backspace) huondoa kipande na kuacha pengo. Kitufe cha kufuta (Delete) huondoa kipande na kuvuta vyote vilivyofuata kuziba nafasi. D alibonyeza cha kufuta. Picha zikasogea kushoto, lakini mstari wa muziki, uliokuwa umezimwa usifuatane na mingine, ukabaki pale pale.

"Mwalimu, kila kitu kimehama!"

"Kimehama chote, au baadhi?"

Akatazama tena. Akaona. Akaanza kuuliza kwa nini ule mstari haukusogea, akakuta alama yake ndogo pembeni, akaiwasha, akatendua, akabonyeza tena, vikasogea pamoja. Akarudia mara nne au tano akiwaonyesha wenzake. Hilo hakulisahau tena.

*Daftari la "nataka"*

Video za mafunzo zipo tele, na wanafunzi walizitazama. Hazikuwasaidia sana mwanzoni, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Ili utafute jambo ni lazima ujue linaitwaje. B alitaka sauti ya msumeno isikike kabla picha ya msumeno haijaonekana. Alitafuta zaidi ya saa moja kwa maneno yake mwenyewe bila kupata cha maana. C, aliyekuwa amelisikia mahali, alimwambia huo ni mkato wa J: sauti inatangulia kushoto chini ya picha, na ukiutazama kwenye taimulaini unafanana na mkia wa herufi hiyo. Picha mpya ikitangulia na sauti ya kipande kilichopita ikaendelea kubaki, ni mkato wa L. Baada ya kupewa jina, B alipata somo ndani ya dakika mbili na kumaliza kazi ndani ya kumi.

Tukaanzisha daftari. Kila ingizo lilianza na neno "nataka": nataka kuondoa kipande bila kusogeza vingine, nataka sauti itangulie, nataka maneno ya seremala yasizamishwe na muziki. Chini yake, jina la jambo hilo kwenye programu, kitufe chake, na jina la aliyeligundua. Halikufuata mpangilio wa menyu. Lilifuata mahitaji yao, na kwa hiyo walilifungua.

*Kugawana filamu kwa sehemu*

Badala ya kugawana kwa hatua, mmoja akate, mwingine arekebishe sauti, mwingine rangi, waliigawa filamu vipande vitano: ubao, kupima na kukata, tundu na maungio, kusaga na kupaka, kukaa. Kila mmoja alimiliki sehemu yake tangu mkato wa kwanza hadi sauti na rangi. Kila sehemu ilikuwa taimulaini yake ndani ya mradi mmoja kwenye kompyuta ya maabara, na mwishoni zote tano zingewekwa ndani ya taimulaini kuu moja. A aliachiwa sehemu ya mwisho, akitumainiwa kurudi.

Walifanya kazi wawili wawili kwa zamu. Kanuni ilikuwa moja: anayejua zaidi hagusi kipanya. Anaongea tu. Nilijua hatari ya njia hii. Filamu iliyokatwa na mikono mitano inaweza kuonekana imekatwa na mikono mitano. Niliwaambia hivyo, na nikawaambia pia kwamba mimi nipo tayari kupokea filamu yenye mishono inayoonekana kutoka kwa watu watano wanaojua kushona.

Matokeo

Filamu ilikamilika siku ya mwisho, ikiwa na dakika 9 badala ya 12. A alirudi mwanzoni mwa wiki ya saba na kumalizia sehemu yake akishirikiana na E.

Mishono ilionekana. Rangi ya mbao kwenye sehemu ya pili ilikuwa ya joto, ya tatu ilielekea ubuluu, kana kwamba ni viti viwili tofauti. Kwenye sehemu ya nne, kilele cha sauti ya mazungumzo kilikuwa kinafika karibu desibeli 6 chini ya kikomo huku sehemu nyingine zikikaa kwenye 15, hivyo mtazamaji alikuwa anarukwa na sauti ghafla. C alitumia usiku wa mwisho kusawazisha sauti ya filamu nzima. Rangi haikupata muda.

Sehemu ya tatu, ya tundu na maungio, aliyoikata B, ilikuwa bora kuliko kitu chochote nilichokitarajia kutoka kwa kikundi hiki. Kila sauti ya nyundo inamfikia mtazamaji kabla kidogo ya picha yake, halafu B anaacha ukimya kabla ya mguu wa kiti kuingia kwenye tundu lake. Ule ukimya hakuufundishwa na mtu.

Wiki moja baada ya kukabidhi, nilimkalisha kila mmoja peke yake kwa dakika 20 na vipande vipya: anzisha mradi wenye kasi sahihi, oanisha sauti, kata sekunde 40, sawazisha sauti, toa filamu. Wanne walimaliza. E alioanisha sauti vizuri na kukata vizuri, lakini alikwama kwenye kusawazisha sauti na kutoa filamu.

Uchambuzi

*Kilichofanya kazi*

Zoezi la dakika moja lilifanya kazi kuliko hatua nyingine yoyote. Watu wanne waliotoka kwenye hofu ndani ya siku mbili walikuwa wametumia wiki nne bila kujifunza chochote, ingawa muda wote huo walikuwa "wanatengeneza filamu". Tofauti ni kwamba kwenye zoezi hakukuwa na cha kupoteza, na kila mmoja alikuwa na vipande vile vile, kwa hiyo walipolinganisha dakika zao nne za patasi waliona maamuzi na si bahati ya kuwa na picha nzuri. A, aliporudi, alifanya zoezi hilo pia. Aliniambia mazoea ya simu yalikuwa yanampotosha: kule ukifuta kipande pengo huziba lenyewe daima, na huku alikuwa anapambana na mapengo kwa wiki nne akidhani programu imeharibika. Yule tuliyemwita bingwa alikuwa amebeba mzigo wa kuidhania programu mpya ni ile ya zamani, na kwa kuwa alikuwa bingwa hakuna aliyemuuliza.

Daftari nalo lilifanya kazi, na zaidi ya yote lile jina la mgunduzi chini ya kila ingizo. Likawafanya waulizane wao kwa wao kabla ya kuja kwangu.

*Kilichoshindwa*

Mgawanyo wa kazi wa siku ya kwanza ndio mzizi. Haukutokana na uvivu wa wanafunzi. Niliwataka walete mkato wa kwanza wiki ya nne, na alama zote zilikuwa kwenye filamu. Mtu mwenye akili timamu akipewa masharti hayo atamkabidhi uhariri anayekaribia zaidi kuuweza. Walitenda sawasawa na nilivyowapa sababu ya kutenda. Nikitaka watano wajifunze kisha nikapima kitu kimoja kilichotengenezwa na mmoja, nimepima kitu kingine.

Kosa la pili, la kiufundi, lilikuwa langu pia. Wangepitisha sekunde 30 za majaribio njia nzima wiki ya kwanza, kutoka kamera, simu na kinasa sauti hadi faili lililotolewa na kuchezwa kwenye kompyuta nyingine, karibu kila balaa la kisa hiki lingejitokeza likiwa bado dogo. Kasi ya fremu ingeonekana. Tofauti za matoleo zingeonekana. Suala la mradi kukaa kwenye hifadhidata lingeonekana mara tu walipojaribu kuuhamisha. Kuachana kwa sauti na picha ndiko pekee ambako kungejificha, kwa kuwa kunahitaji kipande kirefu, na kwa hilo sasa ninadai kipande kimoja cha dakika 15 kwenye majaribio, hata kama ni cha ukuta na saa inayogonga.

Kuhusu kugawana filamu kwa sehemu, msimamo wangu haujakaa sawa. Filamu iliumia. Mtu mmoja angeshika rangi tangu mwanzo, kiti kingekuwa kimoja. D, aliyeipenda filamu ile kuliko wote, alisikitika alipoiona kwenye skrini kubwa, na sikuwa na la kumwambia kuhusu rangi zaidi ya kwamba ana haki. Nadhani ilipasa kubakiza sehemu tano za kukata, kisha kutenga siku tatu za mwisho ili mtu mmoja apitie sauti yote na mwingine rangi yote, wengine wakiwa nyuma ya kiti chake. Siku hizo zilimezwa na wiki ya tano.

Siwezi pia kuitenganisha athari ya zoezi na athari ya dharura yenyewe. Kuondoka kwa A kuliwafanya wahisi kwamba hakuna mwingine atakayewafanyia. Kikundi ambacho bingwa wake hajaondoka pengine kingelichukulia zoezi kama adhabu.

Limebaki suala la E. Mwanzoni nilidhani alishindwa jaribio kwa sababu alianzia chini kuliko wote. Maelezo hayo yaliniridhisha kwa siku kadhaa, mpaka nilipolikusanya daftari na ratiba ya zamu kwa ajili ya kuandika kisa hiki. Hadi wiki ya sita E alikuwa akikaa na C, na maingizo yake kwenye daftari ni mengi: ndiye aliyegundua jinsi ya kutafuta vipande vilivyopotea, na ndiye aliyeandika hatua za kuanzisha mradi ambazo wote walizifuata. Wiki ya saba A aliporudi nilimwoanisha naye, nikiamini mwenye uzoefu atamsaidia mwenye uchache, na kwa haraka ya siku za mwisho sikukumbusha kanuni ya kipanya. Sauti na kutoa filamu vilifanyika katika wiki hizo mbili. Kwenye daftari, kurasa mbili zenye jina la E zinazohusu mambo hayo zimeandikwa kwa mwandiko wa A.